Bastola ya Orrin na Swali la Mpakani

*Barua hii imetoka kwa msomaji aliyepaki karibu na Shelby, Montana, kilomita hamsini na kitu kutoka mpaka wa Kanada. Anayejibu ni Bi Verlene, ambaye ameishi ndani ya gari-nyumba kwa miaka ishirini na mitatu.*

Bi Verlene, salamu nyingi, na unisamehe kwa kukuchosha na barua ndefu. Nimesoma ukurasa wako tangu tulipouza nyumba yetu ya Nebraska tukahamia barabarani, miaka kumi na miwili sasa, na sikudhani kwamba ipo siku nami nitaketi kwenye meza hii kukuandikia, lakini nimekwama. Nina miaka sabini na mmoja, nimechoka, na kila ninayemwomba shauri ananipa jibu linalomfaa yeye.

Mume wangu Orrin alifariki mwezi wa Februari kule Arizona, tulikokuwa tumepaki kukwepa baridi kama kila mwaka. Alikuwa nje chini ya turubai, kwenye kiti cha kukunja, anamenya chungwa, na mimi nilikuwa ndani nasuuza vikombe, nikamwita aniletee maganda niyatupe, hakuitika. Chungwa lilikuwa limemenywa nusu. Nililiweka kwenye friji kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya nalo, likakaa humo siku nyingi, na hata sasa sikumbuki ni lini lilitupwa wala kama ni mimi niliyelitupa.

Binti yetu Corinne anaishi Palmer, Alaska. Baada ya mazishi alisema mama, basi, usizunguke tena peke yako, akanitengenezea mahali pembeni mwa nyumba yake, akamwaga kokoto, akavuta bomba la maji na waya wa umeme, ili nikifika nipaki moja kwa moja. Alinitumia picha ya zile kokoto. Ukizitazama ni kokoto tu, lakini nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko picha yoyote niliyo nayo. Kufika kwake kwa gari ni lazima kupita Kanada, na gari hili ndilo nyumba yangu, vyombo vyangu vyote vimo humu, nguo za Orrin zimo humu, sina mlango mwingine duniani wenye ufunguo wangu.

Sasa tatizo ni hili. Orrin alikuwa na silaha mbili. Ya kwanza ni bunduki ndefu ya kujikinga na dubu, na hiyo haina shida, kila mwaka aliitangaza mpakani, alijaza fomu yake mapema kwa herufi kubwa na kuacha nafasi ya sahihi wazi mpaka afike mbele ya ofisa, kama wanavyotaka. Ya pili ni bastola ya risasi sita aliyoachiwa na baba yake, na hiyo, kama unavyojua wewe na sisi wote wa barabarani, haivuki. Kwa hiyo watu wetu huziacha upande huu kabla ya mpaka. Hapa Shelby kuna Bwana Tuttle, ana duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi, anaweka bastola za wasafiri kwenye sefu, anaifunga kila moja kikaratasi chenye namba, unatia sahihi kwenye daftari lake nene, na ukirudi kabla ya theluji unaichukua.

Kila mwezi wa Juni tulisimama hapo. Uwanja wake ni mfinyu na gari letu lina urefu wa mita kumi, kwa hiyo mimi nilibaki kwenye usukani injini ikiunguruma na Orrin aliingia dukani na kile kibegi chake cha chakula, cha bluu, kisha alitoka nacho kimejaa donati, ananiambia, "Haya bibie, kazi imekwisha, kula moja tuondoke." Baada ya hapo mfuko wa ngozi wa bastola ulikuwa mtupu kabatini juu ya kitanda majira yote ya joto. Nilikuwa nikiuona nilipotoa mashuka.

Mwaka huu nilikuja peke yangu, pole pole, na nilipofika hapa nikafungua kabati ili niitoe nimpelekee Bwana Tuttle. Mfuko ulikuwa mtupu. Na mwezi wa Januari nilimwona Orrin kwa macho yangu anaipaka mafuta juu ya gazeti kwenye meza hii. Nikaenda dukani nimwulize Bwana Tuttle kama labda Orrin alimpa mtu amletee. Yule mzee alivua kofia, akanipa pole, halafu akafunua daftari. Alirudi nyuma karatasi moja, mbili, akavaa miwani, akarudi tena.

"Mama," akasema, "mzee hajaacha kitu hapa tangu mwaka 2016."

Nikamwambia haiwezekani, mimi mwenyewe nilikuwa hapo nje kila mwaka.

"Alikuwa anaingia, kweli. Tunaongea habari za samaki, ananunua donati za mke wangu, anakwenda zake. Mimi nilidhani ameiuza."

Bi Verlene, nilisimama mbele ya kaunta nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Tangu mwaka huo tumevuka mpaka mara saba. Na mwaka 2016 mwishoni ndipo Orrin alipopasuliwa moyo. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza kufungua hata chupa ya achari, aliniletea, na mimi niliifungua nikamrudishia. Nadhani ilianzia hapo. Nadhani aliona hawezi tena kunilinda kwa mikono yake. Hakuniambia, na sasa siwezi kumwuliza.

Lakini kinachonisumbua si bastola peke yake. Kila tulipokaribia kibanda cha mpakani Orrin aliniambia, "Ongea wewe, una uso wa mtu wa kwaya." Nami nilifurahi, niliona ananisifu. Ofisa aliuliza mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, mna pombe, mna tumbaku, mna silaha, nami nilisema tuna bunduki moja ndefu, karatasi yake hii hapa, na akiuliza kama kuna nyingine, bastola au chochote, nilisema hapana mwanangu, ile tumeiacha kwa Bwana Tuttle. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe mara saba. Orrin alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti langu. Nilikuwa nakumbuka ule mkono kama kitu kizuri, nilikuwa nimeuweka pamoja na vitu vyangu vizuri, na sasa kila nikiukumbuka najiuliza kama alikuwa ananipapasa au ananizuia nisiseme zaidi.

Nimeitafuta wiki tatu. Nimetoa magodoro, nimemwaga unga, nimeingiza mkono nyuma ya matangi ya maji mpaka nikachubuka, nimefungua kila boksi la vifaa. Kilichobaki ni mbao alizojenga yeye. Tuliponunua gari lilikuwa na makabati ya karatasi ngumu, akayang'oa yote akatengeneza upya: benchi la kulia chakula, rafu ya viungo, ukuta mdogo upande wangu wa kitanda, na kidato kifupi cha kunifikisha kwenye kabati la juu kwa sababu mimi ni mfupi. Ndani ya mlango wa rafu kuna hesabu zake za penseli, na mahali pamoja ameandika "L. anafika hapa" na mstari, alipima mkono wangu nikiwa nimeunyoosha. Nimeshika bisibisi mara mbili mbele ya hiyo rafu nikairudisha kwenye droo.

Shemeji yangu Dwaine, mdogo wake Orrin, nilimpigia simu Nebraska. Alicheka kwanza.

"Kaka huyo," akasema. "Mara saba. Basi shem, si ujue imefichwa vizuri. Wewe vuka tu."

"Na wakiniuliza?"

"Sema huna. Unajua ilipo? Hujui. Sasa mtu asiyejua anadanganya vipi? Halafu jitazame, bibi kizee mwenye kizibao cha kufuma, nani atakupekua wewe?"

"Dwaine, mimi sitaki kusema uongo."

"Si uongo, shem, ni kutojua. Na huenda aliiuza Arizona, mbona unajitafutia kesi?"

Jirani yangu hapa kambini ni Ardith, alikuwa dereva wa malori yanayovuka mpaka huu kwa miaka mingi, mwanamke wa maneno makavu. Nilimweleza haya tukiwa tunakunja nguo chumba cha kufulia.

"Huyo shemeji yako atakuja kukaa ndani badala yako?" akauliza.

Nikamwambia anasema hawawezi kumpekua mzee.

"Mwenzangu, mimi nimeona wanateremsha friji la mzee wa miaka themanini na mbili, wameliweka barabarani, na mkewe ameketi juu ya ndoo anawatazama. Walikuta kitu. Gari likabaki kwao. Yule mama alirudi upande huu kwa miguu na mkoba na paka."

"Sasa nifanye nini?"

"Livunje."

"Ni kazi ya mikono yake, Ardith."

"Najua," akasema, akaendelea kukunja. "Nimesema tu."

Corinne hajui. Nimemwambia rejeta inavuja na fundi anasubiri kipuri. Kila jioni ananiuliza, "Mama, kipuri kimefika?" na mimi nasema bado, na juzi alisema atampigia huyo fundi mwenyewe amgombeze, ikabidi nizue jina la fundi. Sitaki ajue baba yake alikuwa anafanya hivi. Alikuwa anampenda sana na hajapata hata muda wa kumlilia, ana watoto wa shule na kazi ya hospitali.

Kwa hiyo nakuuliza, Bi Verlene. Nivunje kazi ya mume wangu nikitafuta kitu ambacho labda hakimo? Au nivuke nikiulizwa niseme sijui, maana kweli sijui? Au niliache gari hapa, nipande ndege, niwe mgeni chumbani kwa mwanangu? Sina nguvu ya kuchagua vibaya. Nitashukuru kwa neno lolote.

Lavonne Tiedeman

BI VERLENE ANAJIBU:

Lavonne, pole. Pole ya mume na pole ya daftari la Bwana Tuttle, maana huo ni msiba wa pili na hakuna aliyekuja kukupikia kwa ajili yake.

Sasa nitakusema kidogo, kisha tufanye kazi.

Umeniuliza kama unaweza kumwambia ofisa hujui. Ofisa hatakuuliza bastola iko wapi. Atakuuliza kama unayo. Na wewe umeniandikia karatasi nne kunieleza kwamba unaamini unayo. Ulimwona akiipaka mafuta Januari, mfuko ni mtupu, na tangu hapo gari halijatoka mikononi mwako. Mara zile saba ulijibu kwa moyo mweupe, sina neno nazo, na usizibebe. Ya nane haitakuwa hivyo, na unalijua hilo, ndiyo maana umeketi Shelby wiki tatu.

Shemeji yako ana maneno matamu kwa sababu yuko Nebraska. Akikupigia tena mwambie aje avuke yeye. Bastola iliyofichwa ni kesi ya jinai kule, na gari hulichukua. Wanaweza kukusamehe uzee, hawawezi kukusamehe uongo. Ardith amekwambia habari ya ndoo na paka. Mimi nimewaona wawili wa namna hiyo kwa macho yangu, na wote wawili walikuwa na uso wa mtu wa kwaya.

Halafu kuna Corinne. Mume wako alikuficha jambo akidhani anakulinda, na tazama lilivyokufikisha. Wewe umeanza kumficha binti yake kwa sababu ile ile, umefikia hata kumzulia fundi jina. Acha. Mpigie leo, kabla hujashika bisibisi, kabla hujamaliza kikombe chako cha kahawa. Mwambie yote: sefu, donati, kibanda, chupa ya achari. Hasa chupa ya achari. Huyo ni mtu mzima anayefanya kazi hospitali, ameshaona wanaume walioogopa. Unasema hajapata muda wa kumlilia baba yake. Huwezi kumlilia vizuri mtu uliyepewa nusu yake tu.

Tuje kwenye mbao.

Unaniambia hutaki kuvunja kazi ya mikono yake. Lavonne, hutavunja kitu. Tumia akili uliyotumia kuhesabu kwa vidole. Orrin aliificha kila Juni na kuitoa kila ilipoisha safari, na mwaka huu inaelekea aliirudisha mafichoni mapema. Ulimwona nayo mezani Januari, ikiwa nje, na asubuhi yake ukakuta meza iko sawa, benchi liko sawa, rafu iko sawa. Mtu anayetaka kukichukua kitu chake tena hapigi gundi wala misumari. Anaweka skrubu, au kipande kinachoteleza. Popote ilipo, alipajenga pafunguliwe, na pamefunguliwa mara nyingi ukiwa umekwenda kufua. Kwa hiyo usiende kama mbomoaji. Nenda kama yeye.

Fanya hivi. Chukua futi. Pima kila kabati alilojenga kwa nje, kisha pima kwa ndani, andika namba zote mbili. Ubao wake una unene uleule kila mahali, seremala wa aina yake hachanganyi mbao. Mahali ambapo nje na ndani vinatofautiana zaidi ya unene wa mbao mbili, hapo kuna nafasi tupu. Tazama chini ya benchi, tazama ubao wa chini kabisa unaogusa sakafu mbele ya friji, tazama ule ukuta mdogo kando ya kitanda. Tazama skrubu pia. Iliyofunguliwa mara kumi na nne ina mdomo uliolika na unaong'aa. Zilizofungwa mara moja zina vumbi.

Fanya mchana, na usifanye peke yako. Mwite Ardith, ana mikono na hana machozi mengi, utamhitaji. Na mwombe Bwana Tuttle aje. Atakuja, huyo aliyevua kofia atakuja. Mkiiona, mikono yako ibaki mfukoni. Ihesabu kuwa ina risasi mpaka mwenye duka aifungue na kuwaonyesha kwamba haina. Aichukue palepale, aifunge kikaratasi chake cha namba, utie sahihi kwenye daftari kwa jina lako, maana sasa ni yako. Baadaye, ukiwa umepumzika, mtaamua wewe na Corinne kama mnaitaka. Kama mtaitaka, Bwana Tuttle ataituma kwa mwenye duka mwenye leseni huko Palmer, isipite Kanada mkononi mwa mtu wa familia. Usiitie kwenye bahasha ukaipeleka posta. Nasema hivi kwa sababu kuna msomaji alifanya hivyo na sitaki kuongea naye tena.

Mkimaliza, msiishie hapo. Pekua droo zote mtoe kila risasi ya bastola, kila ganda, kila kopo la mafuta lenye picha ya bunduki. Kama una dawa ya kupulizia watu machoni kwenye mkoba, iache Shelby. Ya dubu, yenye maandishi kwamba ni ya dubu, inapita. Ile bunduki ndefu ama uiache pia kwa Bwana Tuttle, na hilo ndilo ningefanya mimi, ama uitangaze kwa fomu yako wewe. Fomu za Orrin hazikufai, jina lililoandikwa pale si lako. Halafu piga simu ofisi ya mpaka kabla ya kuondoka, uwaulize wenyewe wanataka nini mwaka huu. Sheria hubadilika na mimi si wakili, ni mwanamke mwenye gari kubwa.

Na kama mmepima, mmefungua, na hamkuiona?

Basi usivuke na wasiwasi wako umeuficha kama alivyoificha yeye. Kuna mambo mawili. La kwanza, mpe gari fundi wa magari-nyumba kwa siku mbili, mwambie unachotafuta, alipandishe atazame chini ya sakafu. La pili, kama naye hakuona, nenda mpakani asubuhi, na kabla hujaulizwa neno, sema: mume wangu amefariki, alikuwa na bastola, nimetafuta kila mahali na watu wenye ujuzi, sijaiona, naogopa imo humu, naomba mnisaidie kutafuta. Watakuchelewesha. Huenda watakurudisha. Kurudishwa si aibu, ni kilomita hamsini na kitu, unazijua. Usilolijua ni kutembea kwa miguu na mkoba.

Kupanda ndege na kuacha gari, hapana. Ungekuwa umechoka kuishi ndani yake ungeniambia. Hukuniambia.

Nimebakiza lile la mkono juu ya goti. Sikulifuata kwa sababu halina ushauri, lakini sitaki udhani sikulisoma. Unataka kujua kama alikuwa anakupapasa au anakuzuia. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka thelathini na moja, na ninavyojua, mkono mmoja unaweza kufanya yote mawili. Alikupenda, na alikutumia. Aliogopa, na aliona ni heri akuingize hatarini bila wewe kujua kuliko akwambie anaogopa. Una haki ya kumkasirikia. Mkasirikie sasa, huku Montana, ukiwa na bisibisi mkononi. Ukimaliza utamkosa tena, na hiyo nayo ni sawa.

Ninajua umechoka. Uchovu huu hautaisha kwa kukaa. Mpigie Corinne, mwite Ardith, pima kabati. Siku mbili, tatu. Kisha washa gari uende kwenye kile kibanda, na kijana wa watu atakapoinamia dirishani akuulize kama una bastola, mtazame usoni umwambie hapana. Jibu hilo umelitoa mara saba kwa ajili ya Orrin. Hili litakuwa lako.

Verlene